Dakika Kumi za Mapokezi: Ushauri kwa Wanaokwenda Kulala Hoteli

Mgonjwa akipewa rufaa kutoka hospitali ya Kitete hapa Tabora kwenda Dodoma au Bugando ya Mwanza, swali la kwanza nyumbani huwa nauli, na la pili ni nani atamsindikiza. La tatu huja usiku wa kuondoka, mizigo imeshafungwa: tutalala wapi? Sisi watu wa Goweko, mkoani Tabora, tumezoea kufikia kwa ndugu. Lakini ndugu wa mjini siku hizi anaishi chumba na sebule na watoto wanne, na mgonjwa anahitaji choo asichokipigia foleni. Kwa hiyo watu wanalala hoteli, wengi kwa mara ya kwanza, na maswali wanayoniletea wakirudi yanafanana kama mapacha.

"Nimelipa elfu themanini, maji hayatoki, nifanyeje?" "Nilituma pesa mapema, nimefika naambiwa chumba hakuna." "Jina la hoteli ni lile lile nililolala Mwanza, mbona hii ya huku imekuwa vile?"

Jibu langu ni moja, na makala hii yote inalifafanua. Karibu kila shida ya namna hiyo huzuilika katika zile dakika kumi kati ya kuweka begi chini mapokezi na kutoa pesa. Kabla hujalipa, wewe ni mteja anayebembelezwa. Ukishalipa, unaanza kubembeleza wewe.

Hoteli ninazozisema

Sizungumzii gesti ya kitanda na ndoo ya maji, wala hoteli za watalii. Nasema hoteli za bei ya kati: chumba cha selfu, feni au AC, chai ya asubuhi ndani ya bei, kwa shilingi kati ya 50,000 na 120,000 hivi. Nyingine zina matawi katika miji miwili au mitatu, jina moja, rangi moja ukutani.

Kupokea wageni si jambo jipya kwetu. Wapelelezi Waingereza Burton na Speke walipoingia Kazeh, kwenye Tabora ya leo, Novemba 1857, mfanyabiashara Mwarabu Snay bin Amir aliwapa nyumba na kuwaangalia kama wageni wake mwenyewe. Reli ilipofika Tabora mwaka 1912, mjini ikaja kuwapo Hoteli ya Reli, ambayo leo ni Orion Tabora. Tofauti kubwa ni kwamba kwa Snay bin Amir mgeni hakuulizwa pesa mlangoni. Wewe utaulizwa, na hapo ndipo pa kuwa macho.

Jina moja, nyumba mbili

Wengi huamini kwamba hoteli yenye matawi ni salama zaidi: ukilala vizuri Mwanza, utalala vizuri Dodoma. Imani hiyo ina ukweli kidogo. Shuka zitafanana, na pengine bei. Lakini tenki la maji, jenereta, meneja wa zamu na jirani mwenye baa ni vya kila tawi peke yake. Kwa hiyo ukipiga simu usiulize kama hoteli ni nzuri. Hakuna mhudumu atakayekujibu kwamba ni mbaya. Uliza vitu vyenye jibu la wazi:

- Umeme ukikatika, jenereta inawasha na vyumbani au mapokezi tu?
- Maji ya moto yanatoka bombani au yanaletwa kwa ndoo?
- Kuna chumba cha chini kabisa, kisicho na ngazi?
- Baa au ukumbi wa sherehe uko upande gani wa vyumba?
- Kutoka hapo hadi hospitali (au stendi) bajaji ni shilingi ngapi?

Swali la mwisho lina faida mbili. Utajua umbali, na utajua kama unayezungumza naye yuko hapo kweli. Aliyeko hapo hujibu papo hapo, kwa sababu anaulizwa kila siku.

Saa na tarehe: kosa linalotugharimu zaidi

Hapa nitakaa kidogo, maana nimeona watu wazima wenye akili zao wakilia kwa jambo hili.

Treni yetu ya kawaida haichagui saa ya kukufikisha. Tuseme unapanda Goweko Jumanne na unatarajia kushuka Dodoma saa nane usiku. Unapiga simu hotelini: "Naomba chumba Jumatano." Mhudumu anaandika Jumatano. Kwake yeye, Jumatano inaanza saa nane mchana, wageni wa jana wakishatoka na vyumba vikishafanyiwa usafi. Wewe unafika saa nane usiku wa kuamkia Jumatano, saa kumi na mbili nzima kabla ya chumba chako kuwa chako.

Kiswahili chenyewe kinatutega. Kwa mtu wa pwani, na kwa Waislamu wengi, usiku hutangulia mchana wake: "usiku wa Jumatano" ni ule unaoanza Jumanne jua likizama. Kwa mhudumu kijana aliyezoea kompyuta, "usiku wa Jumatano" ni ule unaoanza Jumatano jioni. Nyote wawili mko sahihi, na mmoja wenu atalala kwenye kiti.

Fanya hivi:

1. Taja siku mbili kwa pamoja: "Ninafika usiku wa Jumanne kuamkia Jumatano."
2. Taja saa kwa Kiswahili, kisha uiandike kwa namba za kompyuta kwenye ujumbe. Saa nane usiku ni 02:00. Saa nane mchana ni 14:00. Saa nne asubuhi ni 10:00.
3. Lipia usiku huo wa Jumanne kuamkia Jumatano. Ndiyo, hata kama utalala kwa muda wa saa nne tu. Kitanda kilikusubiri usiku mzima.
4. Waambie unakuja kwa treni, na treni huchelewa. Omba chumba kisipewe mtu mwingine hadi asubuhi.

Pingamizi najua: "Kwa nini nilipie usiku ambao sehemu kubwa yake niko kwenye behewa?" Kama uko peke yako na una afya, usilipie. Kaa stesheni hadi kuche, kunywa chai, nenda hotelini saa tatu na uombe kuingia mapema. Chumba kikiwa wazi wengi hukubali. Lakini kama una mgonjwa, mzee au mtoto mchanga, lipia. Nimeshaona gharama ya kutolipia.

Wanaopanda treni ya umeme ya SGR, iliyoanza kubeba abiria hadi Dodoma Julai 2024, wana nafuu, maana saa zake zinatabirika. Anayekuja huku kwetu bado anabadilisha Dodoma, na ni pale Dodoma ambapo wengi hujikuta wanahitaji kitanda cha usiku mmoja bila kupanga. Panga.

Pesa: soma jina kabla ya kuweka namba ya siri

Nilimpeleka mama yangu kutibiwa miguu, katika mji ambao sitautaja. Nilikuwa nimeongea na hoteli kwa simu, nikaambiwa nitume nusu ya pesa ili chumba kishikwe. Namba niliyopewa ilileta jina la mtu, sio la hoteli. Nililiona. Nikajisemea labda ndiye mwenye hoteli, nikabonyeza.

Tulifika saa tisa usiku. Kijana wa mapokezi alifungua daftari, akapitisha kidole juu hadi chini, akarudia tena. Jina letu halikuwamo. Yule niliyemtumia pesa alikuwa amemaliza zamu na simu yake imezimwa. Mama hakusema neno. Alikaa juu ya furushi lake la kanga karibu na mlango, dumu la asali la lita tano kati ya magoti, kiganja kimoja kimefunika kifuniko kana kwamba litapoa. Ile asali ilikuwa zawadi ya daktari. Tulipewa chumba kilichobaki, ghorofa ya tatu, lifti haifanyi kazi. Alipanda ngazi moja moja, kila hatua anavuta pumzi, na mimi nyuma yake nimebeba kila kitu isipokuwa lile dumu, maana alikataa kuliachia. Pesa niliyotuma haijapatikana hadi leo.

Tangu siku hiyo nina sheria zangu, nami naziweka mbele yako:

- Tuma kwa Lipa Namba ya hoteli pekee. Kabla ya kuweka namba ya siri, simu inakuonyesha jina la biashara. Likiwa la mtu binafsi, sitisha.
- Wakisema Lipa Namba ina tatizo leo, waambie utalipa ukifika. Wakikataa, piga hoteli nyingine.
- Usitume pesa ya siku zote. Usiku mmoja unatosha kushika chumba.
- Baada ya kutuma, omba ujumbe wenye jina lako, tarehe, aina ya chumba na kiasi kilichopokelewa. Ujumbe huo upige picha ya skrini. Uandike pia kwenye karatasi, maana simu huzima chaji njiani.
- Muulize jina yule uliyeongea naye, na nani atakuwa zamu usiku utakaofika.

Ukitajiwa bei kwa dola, omba itajwe kwa shilingi. Tangu Machi 2025 kuna kanuni zinazokataza kuweka bei kwa fedha za kigeni kwa huduma zinazotolewa hapa nchini. Sema tu kwa upole, "Niambie kwa shilingi, dada."

Dakika kumi zenyewe

Umefika. Usitoe pochi. Salimia vizuri. Hata mjini, anayesalimia kwa utulivu huhudumiwa kwa utulivu. Kisha sema: "Naomba nione chumba kwanza." Mizigo ibaki kwa mwenzako mapokezi, wewe upande na mhudumu.

Ndani ya chumba, fuata mpangilio huu:

1. *Fungua bomba la sinki na la bafu kwa wakati mmoja.* Bomba moja linaweza kukudanganya. Mawili yakifunguliwa pamoja, nguvu ya maji inajulikana. Washa hita na uache iwake wakati unaendelea.
2. *Vuta maji ya choo,* kisha sikiliza kama tangi linajaa tena.
3. *Funga mlango kwa ndani kwa ufunguo, ufungue.* Kama ufunguo unahitaji ufundi, saa nane usiku ukiwa na mgonjwa hutaukumbuka.
4. *Funua shuka hadi kwenye godoro upande wa kichwani.* Angalia mishono na pembe. Madoa meusi madogo kama wino ni kunguni. Hapo usiombe kubadilishiwa shuka. Omba chumba kingine, na kisiwe cha jirani.
5. *Tandaza neti yote.* Kwanza uone matundu, pili uone kama inafika chini ya godoro.
6. *Washa feni hadi mwisho* na uisikilize. Huku kwetu Septemba na Oktoba, kabla ya mvua, hutalala bila feni, na feni inayogonga haikuachi ulale.
7. *Chomeka chaja kwenye soketi.* Soketi iliyo hai ikiwa mbali na kitanda, sawa, lakini iwepo.
8. *Simama kimya nusu dakika.* Muziki unatoka wapi? Uliza unazimwa saa ngapi.

Usikague rangi ya ukuta wala ukubwa wa televisheni. Nimeona watu wakibadilisha chumba kwa ajili ya televisheni, wakahamia juu ya jenereta.

Kama kila kitu kiko sawa, rudi chini ulipe. Kama kuna kasoro moja, itaje papo hapo na uulize itatengenezwa lini. "Fundi anakuja" si jibu. "Fundi yuko hapa, nipe dakika ishirini" ni jibu, nawe subiri hizo dakika ishirini mapokezi, pesa ikiwa bado mfukoni.

"Lakini naona aibu kukagua"

Hili ndilo pingamizi ninalolisikia kuliko yote, hasa kwa mama zetu. Tumelelewa kwamba mgeni hakosoi nyumba aliyokaribishwa, na ni malezi mazuri. Ukifika kwa shangazi yako Igalula ukakuta neti ina tundu, unalifunga fundo kimya kimya na kushukuru.

Hotelini hukukaribishwa, umenunua. Ukiwa gulioni hununui mchele bila kuutia kiganjani na kuupuliza, na muuzaji hakasiriki. Chumba ni vilevile. Na wahudumu wazuri hupenda mgeni anayekagua mwanzoni, kwa sababu ndiye asiyewaamsha usiku. Kama bado ulimi ni mzito, mtume kijana uliyefuatana naye. Mpe ile orodha ya mambo manane.

Neti si pambo

Nalitenga hili kwa sababu nimechoka kuzika. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ulikuta Tabora ikiongoza nchini kwa malaria kwa watoto wa chini ya miaka mitano: asilimia 23, wakati wastani wa nchi ulikuwa 8. Mgeni anayekuja kwetu kutoka Arusha au Njombe anaweza kuiona neti kama pambo. Watu wetu nao wakifika hoteli yenye AC husema baridi itafukuza mbu. AC huzima umeme ukikatika. Mbu hazimi.

Shusha neti kabla ya magharibi, chomeka chini ya godoro pande zote, na ikiwa na tundu omba nyingine wakati stoo ya hoteli bado iko wazi. Anayesafiri na mtoto au mjamzito abebe neti yake mwenyewe. Ikikunjwa haizidi ukubwa wa mkate.

Kitabu cha wageni na risiti

Utapewa kitabu uandike jina, unakotoka, unakokwenda, kazi, namba ya kitambulisho. Vingine bado vinauliza hata kabila. Jaza bila kinyongo na kwa maandishi yanayosomeka, pia utie sahihi mwenyewe. Kitambulisho wakitaka kukiona, waonyeshe, lakini kirudi mkononi mwako. Usikubali kitambulisho chako cha NIDA kilale droo ya mapokezi hadi siku ya kuondoka.

Risiti iwe ya mashine ya EFD, yenye tarehe na kiasi kamili ulicholipa. Kuna mtu atakuambia, "Bila risiti nakupunguzia." Kataa. Siku ukidai chumba ulicholipia na hawakitambui, kile kikaratasi ndicho shahidi wako, na kama mwajiri au chama kinakurudishia gharama, bila EFD hakirudishi.

Jambo likiharibika usiku

Lalamika mapema, kwa mtu mmoja, na kwa kutaka kitu kimoja. Makosa ninayoyaona:

- Kuvumilia siku tatu, kisha kulipuka siku ya kuondoka. Meneja atakuuliza kwa nini hukusema, na hutakuwa na jibu.
- Kumfokea mama wa usafi. Hana ufunguo wa chumba kingine wala uwezo wa kupunguza bei. Anachoweza ni kukuonea huruma, na umeshamvunja moyo.
- Kusema "huduma zenu mbovu." Sema: "Maji hayajatoka tangu saa moja jioni. Naomba nihamishiwe chumba kingine sasa, au usiku huu nirudishiwe pesa."

Anza na wa mapokezi. Akishindwa, omba meneja wa zamu. Hoteli ikiwa na matawi, tafuta namba ya ofisi kuu. Iko kwenye risiti au tangazo lao. Hapo ndipo jina kubwa linaposaidia, maana ofisi kuu inaogopa sifa mbaya kuliko tawi. Piga picha ya tatizo, bomba kavu au neti iliyochanika, bila kupiga sura za watu. Ikishindikana kabisa na ni pesa nyingi, Tume ya Ushindani, FCC, ina kazi ya kumlinda mlaji.

Siku ambazo vyumba hupotea

Tabora mjini, msimu wa masoko ya tumbaku huleta wanunuzi na madereva, na mwanzoni mwa Agosti maonyesho ya Nane Nane ya kanda yetu hujaza vyumba hadi pembezoni. Dodoma, tazama ratiba ya Bunge. Vikao vikiwa vinaendelea, bei hupanda na kilichobaki ni mabaki. Siku za mahafali ya vyuo nazo ni hivyo hivyo. Kama tarehe ya kliniki imeangukia humo, shika chumba wiki mbili kabla.

Chai, kisha kuondoka

Chai ya asubuhi, uliza inaanza saa ngapi. Mwenye kliniki saa moja atakosa chai ya saa mbili, basi omba usiku ufungiwe mayai na chapati. Wengi hukubali ukiomba kabla jiko halijafungwa. Mgonjwa anayepima damu bila kula, mfungie yake ale baadaye.

Kutoka ni saa nne asubuhi kwa hoteli nyingi. Ukihitaji muda, omba jana yake. Kama treni yako ni ya usiku, lipia nusu siku au omba kuacha mizigo mapokezi, na upewe kikaratasi chenye idadi ya mizigo. Kabla ya kufunga mlango, angalia soketi (chaja), nyuma ya mlango (kanga), chini ya mto (simu ndogo ya mama) na friji (dawa). Dawa za friji ndizo husahaulika kuliko zote. Ziandikie karatasi uibandike kwenye mlango usiku.

Kwa wanaorudi Goweko kwa treni kutoka Dodoma: nunua maji na mkate kabla ya kupanda, weka vyeti vya hospitali kwenye mfuko unaobaki nao mwilini, na chagua kiti kilicho karibu na mlango. Treni haisimami kwetu muda mrefu, na mara nyingi ni giza. Ikishaondoka Nyahua, anza kusogeza mizigo, umwamshe mama, umvalishe viatu akiwa bado amekaa.